Kishungi cha Kofia ya Mjomba

Siku ya kwanza ya kazi ya ulinzi wa hifadhi, Dile Ram alivaa kofia nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Ilikuwa ya sufu, ya marehemu baba yake, imechomekwa kishungi cha monal, yule ndege wa mlimani anayeng'aa rangi zote. Mkubwa wake wa kazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Umekuja kulinda ndege, naye umemvaa kichwani?"

Dile Ram alikichomoa palepale kwa aibu, na tangu hapo hakumwonea mtu haya. Miaka ishirini na minane alichomoa vishungi sokoni na harusini, maana kila kishungi ni ndege aliyeuawa. Wanaume wa bonde la Tirthan wakimwona kwa mbali walizishika kofia zao kuficha vishungi. Mbishi wa kupindukia, lakini walimpenda.

Ikafika harusi ya bintiye Savitra. Shemeji wa Dile Ram, Mohar Singh, kaka wa mkewe, akatuma salamu: anakuja na wapiga ngoma, na kishungi chake. Akiguswa kofia, anarudi na ngoma zake.

"Baba Savitra, leo tu jifanye huoni," mkewe alimsihi.

"Nimewavua wa watu, nimwache wa kwangu?"

"Ni mjomba wa bibi harusi! Unataka mwanao aolewe bila ngoma, kama anatoroshwa?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa Savitra alikuwa roho yake.

Mohar Singh akaingia uani, kishungi kinametameta. Ngoma zikanyamaza. Watu wakaacha kutafuna siddu, mikate yao ya mvuke yenye samli. Dile Ram akainuka, akakaa, akainuka tena.

Savitra akamtangulia. Na mapambo yake yote aliinama akamgusa mjomba miguu, kisha akakichomoa kishungi na mahali pake akachomeka ua la njano.

"We mtoto!"

"Usinikasirikie, mjomba. Baba leo yuko likizo. Zamu ni yangu."

Mohar Singh aliguna, akalipapasa lile ua. "Limenipendeza, angalau?"

"Umerudi ujanani!"

"Basi pigeni ngoma, mnangoja nini?"

Uwanja mzima ukashikana mikono kucheza. Dile Ram alikaa chini, analia waziwazi kwa furaha. Bwana harusi, ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama, alivua kofia yake taratibu, akachomoa kishungi chake, akampa mkewe.