Herufi Nilizozifuta kwa Kupenda Usafi

Siku ile naikumbuka kwa alama mbili tu, mwanangu: A kubwa yenye kiwimbi kichwani, na pembeni yake c ndogo ndani ya duara. Ã©. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado zinahesabika, kwa sababu kosa hili lilinizeesha kuliko miaka.

Ilikuwa 2014, mjini Kasulu. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu vitu, katika duka la vifaa vya ofisi la Mzee Shomari, mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga. Sikuwa na cheti, na hilo lilinitafuna. Asiye na cheti huogopa doa. Nilikuwa napanga upya hata mistari ambayo hakuna ambaye angeiona.

Kikundi kimoja cha kujitolea kilikuwa kikiorodhesha watu waliopotezana na ndugu zao walipokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Wengine walikuwa kambini upande wa Makere, wengine walifikia Kibondo. Majina yalikaa katika faili la XML, yaani maandishi ambayo kila neno limefungwa ndani ya vitambulisho: hili ni jina, hiki ni kijiji. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza yawe ukurasa wa tovuti, ili aliye Makere amwone aliye Kibondo.

Nikageuza. Ukurasa ulipofunguka, kila jina lenye herufi za Kifaransa lilikuwa limeota magugu: kila é imegeuka Ã©.

"Hiyo nini tena?" Mzee Shomari akachungulia.

"Uchafu mdogo, mzee. Nausafisha."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona kuuliza ni kutangaza kwamba sijui. Nikaiamuru kompyuta itafute kila alama ngeni na kuifuta, kisha nikahifadhi juu ya faili lile lile. Ukurasa ukang'aa. Nilikaa nikiutazama kama bwana harusi anavyotazama kanzu yake.

Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka kambini, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Alijitambulisha kama Mama Désiré.

"Papa, nitafutie mutoto yangu. Mutu moja alimuona kule Kibondo."

Nikaandika Désiré. Hakuna. Nikaandika bila vile vialama vya juu. Hakuna.

"Hayupo, mama."

"Angalia tena."

Hakusema kwa hasira. Alivuta kiti na kukaa, kama mtu aliyekuja na siku nzima mkononi. Basi nikaanza kusoma orodha jina kwa jina, naye anafuata kwa kidole, maana kusoma alijua. Kidole kikasimama.

"Hii Dsir njo nani?" akauliza, maana kwao "njo" ni "ndiye".

Nilitamani sakafu inifungukie. Mzee Shomari alikuwa amesikia. Akachukua kalamu, akachora kibakuli kidogo kwenye karatasi, akaweka nukta chini yake.

"Chuoni, tukisoma Kurani, nilichapwa kwa ajili ya hii. Nukta ikikaa chini ni herufi ba. Ukiipandisha juu inakuwa nun. Nikamwambia mwalimu, ni nukta tu. Akaniambia, nukta si uchafu. Sasa wewe umempiga ufagio mtoto wa watu." Akaweka kalamu chini. "Faili la mwanzo liko wapi?"

"Nimelifuta, mzee."

"Ninalo kwenye flashi. Nilinakili siku lilipoletwa. Mpenda usafi huosha nguo mpaka ichanike, nakujua."

Nikalifungua lile la mwanzo, na safari hii nikasoma mstari wa kwanza, ule niliokuwa nauruka kila siku. Ulisema wazi kwamba maandishi yamehifadhiwa kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8. Katika mfumo huo, é huhifadhiwa kama vipande viwili vinavyosomwa pamoja. Ukurasa wangu haukutaja mfumo wowote, hivyo kivinjari kikabahatisha, kikasoma kila kipande kama herufi kamili. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, mwanangu, mpaka nilipotengeneza. Nikaagiza ukurasa utolewe kwa UTF-8, nikaandika hivyo kichwani mwake, nikafungua upya.

Désiré akarudi na vialama vyake viwili. Kijiji chake, jina la mama yake, na mahali alipo: Kibondo.

"Njo yeye," mama akasema, akagusa kioo. Aliacha alama ya kidole pale pale juu ya jina. Mimi, mpenda usafi, sikuifuta kwa wiki nzima.

Jioni ile niliwaandikia wale wa kikundi kwamba orodha ya siku tatu ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Mficha uchi hazai, na tangu nilipotuma barua ile, Ã© haijanitisha tena. Nikiiona najua pa kwenda: kwenye mstari wa kwanza.

Basi shika hili. Ukikuta jambo usiloweza kulisoma, usiharakishe kulifuta. Huenda lenyewe ni zima, ila wewe unalisoma kwa miwani isiyo yake. Weka nakala ya asili kabla hujagusa chochote. Na ukikosea, sema umekosea wakati bado kuna mtu amekaa kwenye kiti akisubiri.

Mungu akupe jicho la kuona herufi ndogo na ulimi usioona haya kusema sijui. Na jina lako, popote litakapoandikwa, likae zima mpaka anayekutafuta alifikie.