Idi Mbili za Bi Muhsina

Ndugu wawili waliogombea ufalme karne ya kumi na tisa walimaliza vita vyao kwa kuukata mji wa Maskati vipande viwili, kimoja cha Unguja na kimoja cha Omani, wala hawakuuliza nani anaishi wapi. Mpaka ukapita ndani ya nyumba ya Bi Muhsina: ukumbi Unguja, jiko Omani.

Mwaka 1967 mwezi ukaonekana Unguja, Omani usionekane. Bi Muhsina akapika biriani jikoni amefunga, akaibeba hadi ukumbini, akala Idi.

“Huna haya,” alisema Marhoon, mumewe, macho kwenye sahani.

“Haya nnayo, nimeiacha jikoni. Njoo Unguja ule.”

Marhoon akavuka, akala.

Kesho yake ikawa Idi ya Omani. Bi Muhsina akamngoja jikoni.

“Nguo yangu ya Idi iko wapi?”

“Si hiyo uliyoivaa?”

“Hii ya Unguja. Na shahidi wewe, ulikula huko.”