Kichuguu cha Mtandao

Dada yangu alirudi nyumbani Busunzu mwaka 2013 na cheti cha mawasiliano ya simu, na kijijini kwetu simu ilishika juu ya kichuguu kimoja tu. Kichuguu chenyewe kiko mlimani, nyuma ya shamba letu la muhogo. Ukisimama chini yake hupati kitu. Ukipanda juu, ujumbe wa tangu jana unaanza kuingia. Vijana waliokuwa wakienda pale jioni walimwita Injinia. "Injinia, mnara umeuacha Dar?" walimtania. Alicheka nao, akasubiri zamu yake ya kupanda.

Mimi niliishia darasa la saba. Baba aliweza kusomesha mmoja, na aliyefaulu alikuwa dada, kwa hiyo hatukuwa na la kugombania. Nilibaki kulima maharage na kumsaidia baba kutundika mizinga ya nyuki. Dada aliporudi nilimwonea haya kwa siku kadhaa, kama mgeni aliyefikia kwetu.

Jioni moja baba alimuuliza kazi aliyoisomea ni ipi hasa. Alitaka kujua kama atakaa ofisini akisikiliza watu wanavyoongea kwenye simu.

"Sisikii neno hata moja, baba," dada alisema. "Naona tu simu imetoka wapi, imeenda wapi, imekatikia wapi. Halafu nawaambia wenye kampuni pa kuweka mnara."

Baba akauliza, "Na sisi wanatuona?"

"Kidogo sana."

Ndipo akatueleza habari za ajira, taratibu, huku mama akisonga ugali. Waliomtangulia chuoni walichukuliwa na makampuni moja kwa moja, wakapewa ajira ya kudumu na mshahara uliokuwa ukipanda. Waliomaliza naye walikuta mambo yamebadilika. Kazi ile ile sasa walipewa wakandarasi, na wakandarasi waliajiri kwa miezi michache. Watu wawili wangeweza kukaa meza moja na kusoma kioo kimoja cha kompyuta, mmoja akilipwa nusu ya mwenzake kwa sababu kitambulisho chake kina rangi nyingine. Tena mashine zilizidi kuwa na akili, na eneo lililohitaji watu wengi liliangaliwa na mmoja. Lakini alisema watu wanazidi kutuma pesa kwa simu na kuingia kwenye intaneti, kwa hiyo anayejua kuzisoma takwimu hizo vizuri hatakosa kazi. Aliyasema hayo akimtazama baba. Mimi niliona anajiambia mwenyewe.

Alikaa zaidi ya mwaka akisubiri. Alipalilia na sisi, mikono ikawa kama yetu. Kisha siku moja alishuka mlimani akikimbia: ameitwa kwenye usaili, nao utafanywa kwa simu, kesho yake asubuhi. Ilikuwa ajira ya kudumu, kwenye kampuni yenyewe.

Aliniomba nimsindikize. Nilikaa chini ya kichuguu na jembe langu, yeye akapanda juu. Simu yake ilikuwa haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote. Mwanaume aliyepiga alikuwa na sauti ya upole. Aliuliza mambo ya minara na masafa, na dada alijibu haraka haraka, kwa Kiswahili cha Dar ambacho nyumbani alikuwa hakitumii. Nilisikia yule mtu akisema "vizuri" mara nyingi.

Kisha akasema, "Swali la mwisho, dada. Wewe unategemea mshahara wa kiasi gani?"

Swali hilo alikuwa amelihofia kuliko yote. Ukitaja kikubwa wanakuacha. Ukitaja kidogo wanakuchukua, na utakaa na hicho hicho miaka.

Hapo ndipo bibi jirani yetu akatokea kwenye njia. Alizaliwa Burundi, alikuja zamani na marehemu mumewe, wakapewa uraia. Mdogo wake wa kike aliishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila mpaka ilipofungwa, akarudishwa kwao Burundi. Tangu hapo bibi alikuwa akija kichuguuni asubuhi kupokea simu ya mdogo wake. Siku hiyo alikuja amejifunga kitambaa kiunoni kama wafiwa wanavyojifunga, nasi tulijua kabla hajasema.

Alisimama, akainama, akapiga makofi yale ya taratibu. "Mwakeye," alisema.

Kwetu salamu ya asubuhi haijibiwi ukiwa umesimama juu kuliko mkubwa wako, wala kwa mkono mmoja. Unashuka, unainama, unapiga makofi kwa mikono miwili, na mfiwa unakaa naye. Dada alitazama simu, akamtazama bibi. Akailaza simu juu ya kichuguu, akashuka.

Walisalimiana. Bibi akaketi chini kwenye majani, dada akaketi naye.

"Mdogo wangu wamemzika juzi," bibi alisema. "Mimi nilikuwa napalilia." Habari aliletewa na mfanyabiashara wa kahawa aliyetoka mpakani.

Juu yetu simu iliendelea kuongea. "Haloo? Dada, upo?" Bibi aliisikia.

"Nenda mwanangu, wanakuita."

"Watasubiri, bibi."

Hawakusubiri. Simu ilinyamaza, nami nikaanza kuchimbachimba chini na ncha ya jembe.

Bibi hakujua kusoma namba. Alipokuwa tayari, dada alimshika mkono wakapanda pamoja, akawapigia watoto wa marehemu ng'ambo ya mpaka. Walilia kwa Kirundi mpaka vocha ya dada ikaisha. Ya kumpigia yule mwanaume haikubaki. Alipompata jioni, baada ya kununua vocha dukani na kupanda tena, yule mwanaume alimwambia alidhani habari ya mshahara imemsumbua, akaendelea na aliyefuata. Dada alimweleza kwamba palikuwa na msiba. Yule mwanaume alimpa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Nafasi ilikuwa imekwenda.

Nyumbani baba hakugomba. Aliuliza tu, "Ungemtajia kiasi gani?"

Dada alikitaja. Baba alitazama chini.

"Usimwambie mama yako," alisema.

Mwaka 2015 Warundi walivuka tena kwa wingi, wakaletwa kambi ya Nyarugusu, na minara ya upande wa Kasulu ikaelemewa. Mkandarasi mmoja alitafuta mtu anayesoma mtandao na kuelewa Kirundi. Dada alichukuliwa kwa miezi mitatu, maana lugha yetu na Kirundi zinakaribiana. Hakuulizwa anategemea nini. Alikuta mshahara umeshaandikwa, chini ya nusu ya kile alichomtajia baba, akaweka sahihi. Alizunguka kambini na simu mbili akipima mtandao, kisha alikaa kwenye kioo Kasulu mjini. Aliniambia siku moja amekiona kilima chetu humo: simu chache, fupi, za asubuhi, nyingi zinavuka mpaka. Msimamizi wake alisema hapo hapana watu wa kuwekewa mnara. Dada alimjibu kwamba wapo. Wachache, akasema msimamizi, na hilo lilikuwa kweli pia.

Mkataba ulipoisha alirudi nyumbani kusubiri kama utaongezwa. Asubuhi ya tatu nilipanda naye mlimani. Bibi alikuwa juu ya kichuguu, akiongea na mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa amefika Nyarugusu. Aliongea polepole, akirudia maneno. Simu ya dada ilikuwa mkononi, haijashika kitu.

Nilimwambia amwombe bibi ampishe kidogo tu, ujumbe uingie.

"Acha amalize," alisema.

Tulisimama chini. Bibi alipomaliza alishuka, wakasalimiana kwa makofi, salamu yote, ndipo dada akapanda. Ujumbe uliingia. Wamemwongezea miezi mitatu mingine, mshahara ule ule. Alinisomea mara moja, akaiweka simu mfukoni, tukaenda kupalilia, tukapalilia mpaka siku aliyopanda gari la kurudi Kasulu.