Fundi Viatu na Safura ya Béatha

Mvua ya asubuhi inapiga bati la kibanda chake huko Gikondo. Jean-Berchmans Ndihokubwayo, fundi viatu, anapasua mpira wa ndani wa tairi la lori, anaupaka gundi, kisha anaukandamiza kwa goti. Anatengeneza buti ndefu za kina mama wanaolima mboga katika bonde la Masaka.

Mkewe, Béatha, alilima bonde hilo hilo, peku.

"Nilimtengenezea katambuga nzuri za tairi," anasema. "Akifika shambani alizivua, akaziacha kwenye majani. Aliniambia, 'Berchmans, tope litaharibu kazi yako.'"

Minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo ingali midogo kuliko uzi, ikaishia utumboni kunyonya damu. Béatha alipopata mimba, viganja vyake vilipauka. Kupanda kilima kukamshinda. Akaanza kula udongo wa ukutani. Majirani wakacheka, wakasema ni mimba tu.

Alipopimwa choo kliniki, safura ikaonekana. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, lakini uchungu ulimwanza kabla damu haijarudi.

Mtoto alizaliwa akilia. Mama alitokwa na damu, naye hakuwa nayo ya kutosha.

"Muuguzi alinifuata mlangoni, akaniambia, 'Pole, mzee.' Sikumwelewa. Nilikuwa nimebeba uji wa Béatha."

Kwa miezi mingi hakushika nyundo. Alipoishika tena, alianza na buti. Za kwanza zilipasuka. Za pili zilibaki matopeni, mguu ukatoka mtupu. Ndipo akaongeza kamba ya kufungia chini ya goti.

Anayezijaribu ni Mukunde, aliyekuwa akilima ubavuni mwa Béatha.

"Mguu iko inachemka ndani," anasema, akijitazama miguu, "lakini tope halinivui buti tena. Béatha angezikataa hizi. Angesema ni nzuri mno."

Jean-Berchmans anainamia gundi yake.

Mtoto yule, binti yake Akimana, sasa ana miaka minne, na kila mara anauliza mama yake alilima wapi. Baba yake bado hajampeleka. Mpira wa lori ni mnene mno kwa mguu mdogo kama wake.

"Natafuta wa pikipiki, ule ni laini," anasema. "Buti zikimkaa vizuri, tutashuka bondeni pamoja. Nitamwonyesha matuta ya mama yake."