Mlango wa Gazeti la Joka

Asubuhi ile Atuganile alikuwa na haraka, na mumewe Amoni alikuwa anamsumbua kuhusu mlango.

Si mlango wa nyumba. Wa nyumba ulilegea bawaba tangu masika ya mwaka juzi na Amoni hakuwahi kuusumbukia. Alikuwa anaulizia mlango wa chuma ulio chini ya mlima, katika mchezo wao wa Jumapili. Jana yake wachezaji walifika mbele ya mlango huo, zamu ikawa ya Amoni kusema atafanya nini, naye akasema, "Ngoja kwanza nifikirie." Akafikiria mpaka mvua ikakatika na watu wakaenda makwao.

"Mama Tulia, niambie tu. Nyuma yake kuna nini?"

"Kuna mkungu haujafungwa. Shika kamba."

Akashika kamba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, hata migomba ya jirani haionekani.

"Ni lile joka?"

"Baba Tulia, mvi zimekufika masikioni, unaogopa mnyama wa kwenye karatasi."

"Siogopi. Nauliza."

Atuganile akaweka kata kichwani, akajitwisha mkungu, akamjibu. Amoni aliona jibu lile ni la kumkwepa. Akaguna tu. Mkewe akashika njia ya gulio la Kyimo huku anacheka, na kicheko kilisikika muda baada ya yeye mwenyewe kupotea kwenye ukungu.

Hakufika. Presha ilimwangusha kabla ya barabara ya lami. Hospitali walisema maneno marefu, Amoni akashika moja.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakalia tena, wakaondoka. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mama mpole. Waombolezaji wakatazamana. Mpole! Atuganile aliyemwambia mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mkutano, kwamba tumbo lake hufika kabla yake na lingeweza kuanza kikao bila kumsubiri. Hasheem, muuza mitumba wa Tukuyu mjini, alikohoa ndani ya kofia yake ili asionekane anacheka kwenye msiba wa Wakristo.

Amoni hakuulizwa, na angeulizwa asingesema. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mke.

Alimwoa kutoka Masukulu. Shule wote wawili waliijua kwa nje. Atuganile aliuza ndizi, alilima viazi, kazi ya kuchuma chai aliijaribu msimu mmoja akasema majani yale yanamchosha kwa kufanana. Kanisani aliimba sauti ya wanaume kwa sababu wanaume, alisema, walikuwa wamelala. Wakapata mtoto mmoja, Tulia, wakamsomesha.

Halafu biashara ikafunguliwa, mambo yakawa ruksa. Juzi tu sabuni ilikuwa ya kunong'onezana, mtu akiipata anaificha kama bangi. Mara maduka yakajaa, watu wakaanza kuchagua harufu. Mitumba ikaja kwa marobota. Hasheem, ambaye babu yake alitoka pwani na cherehani, akaiweka cherehani uvunguni akaanza kuuza nguo walizochoka nazo Wazungu. Atuganile akanunua kwake buti za shambani. Mguu wa kushoto ukagoma kuingia. Akatia mkono ndani ya buti, akavuta gazeti lililokunjwa.

Juu yake pamechorwa joka lenye mabawa limekalia mali. Mbele ya joka, mwanamume mwenye upanga, na mwanamke aliyevaa nguo za chuma zilizoziba mahali padogo mno.

"Kwa baridi hii ya kwetu," Atuganile akasema, "huyu angekufa kabla joka halijaamka."

Alilinyoosha chini ya godoro. Tulia alipokuja likizo kutoka sekondari akalisoma, akakuna kichwa.

"Mama, ni gazeti la mchezo. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia safari. Wengine wanajifanya watu wa ndani ya hiyo safari, kila mtu anasema yeye anafanya nini. Wanarusha dadu kujua kama amefaulu."

"Halafu?"

"Basi. Na hizi hapa barua za wasomaji. Huyu kaandika kwamba mchawi haruhusiwi kuvaa nguo za chuma. Huyu anamjibu kwamba yeye ni mjinga."

"Watu wazima?"

"Wazima, mama. Wana ndevu."

Hasheem alilipenda sana jambo la barua. Kwa wiki nzima kila mteja aliyeingia dukani aliulizwa maoni yake juu ya mavazi ya mchawi. Lakini Atuganile alishika lile la kwanza, la mmoja kusimulia. Jumapili iliyofuata, mvua ikinyesha kama kawaida yake, akaketi kwenye kigoda jikoni, gazeti mapajani, akawaambia mumewe na Hasheem, "Mko njiani. Mbele kuna mto. Mnafanya nini?"

Dadu walichonga kutoka kwenye kokwa la parachichi. Ubaya wake: kokwa likikauka linapasuka na kupinda, likaanza kupendelea upande mmoja. Wakilizoea wanachonga jingine. Hasheem alikuwa shujaa mwenye farasi, na kila adui aliyekutana naye alijaribu kwanza kumuuzia koti. Amoni hakuwa na jina. Kila hatari ikitokea alisema, "Nakimbia," akarusha kokwa, akafaulu. Atuganile akamwita Bwana Nyuma. Kijiji kizima kikamwita hivyo, hata kwenye harambee.

Picha ndizo zilizomwongoza. Alifunua ukurasa wowote, akawaonyesha, akasema, "Mnaona hapa?" na safari ikapinda kuelekea huko.

Taabu ikawa Mzee Asajile, baba yake Amoni.

Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasemezani. Jina lake mwanamke halitamki. Tangu aolewe, Atuganile akisikia kikohozi cha mzee njiani huyo anaingia migombani. Siku moja alijitupa mferejini pamoja na kapu la mayai. Sasa mzee anakaa nyumba ya pili, amestaafu hata kulima, na kila Jumapili anasikia watu wanacheka jikoni kwa mwanawe. Alivumilia kidogo. Kisha akaja, akaketi nje upenuni, akaupa mgongo ukuta wa mianzi.

"Amoni! Na mimi naingia!"

Atuganile akajifunika uso kwa kanga.

"Tata, utaingiaje?" Amoni akajibu. "Msimulizi ni mkweo."

"Huko ndani si mnakuwa watu wengine?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi siyo mimi ninayeingia. Anaingia msichana. Anaitwa Sekela. Anawachotea maji wasafiri."

Hasheem, mgeni wa mila hizo kwa sehemu, aliangalia juu kwenye moshi. Hakuna mila iliyomkataza mwanamke kusema na msichana mchota maji. Atuganile alilipima jambo hilo kama anayepima mchele wa mtu asiyemwamini. Kisha akashusha kanga, akageukia ukuta.

"Sekela! Ndiyo unafika saa hizi? Na mtungi nusu! Mvivu mkubwa wewe, mama yako alikufunza nini?"

"Nisamehe, mama," sauti nzito ya mzee ikajibu kutoka nje. "Njia ina utelezi."

Hasheem alianguka kutoka kwenye kigoda.

Tangu hapo ikawa hivyo. Siku za kazi Atuganile alimkwepa mkwewe kama kawaida, mferejini ikibidi. Jumapili alimtukana atakavyo. Sekela alipotea msituni, Sekela alivunja mitungi, Sekela aliposwa na Hasheem akakataa kwa sababu farasi wake ananuka. Wazee wenzake walimjia juu: amevunja heshima, anasema na mke wa mwanawe. Mzee Asajile akawauliza, "Mmemsikia Asajile akisema naye? Sekela ndiye aliyesema. Basi mwiteni Sekela mumhukumu." Wakaondoka.

Mama yake Amoni alipofariki, mzee aligoma kula. Dada zake Amoni walibembeleza, mchungaji alibembeleza. Jumapili akaja akaketi pale pale upenuni. Atuganile akaanza mchezo bila kumtazama mtu. "Safari ya leo ni ndefu. Sekela, mwanangu, huondoki na njaa. Nimeweka bakuli dirishani." Baada ya muda mkono uliingia dirishani, ukalichukua bakuli la mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama. Likarudi tupu. Hasheem akalalamika kwamba shujaa naye ana tumbo.

Na sasa Atuganile ndiye amekufa, na mlango wa chuma umefungwa, na Amoni hajui nyuma yake kuna nini. Ndilo lililomkaa rohoni. Watu walidhani anamlilia mke. Kweli alimlilia. Lakini akilala anauona mlango.

Wageni walipokwisha kuondoka alimwita Tulia, ambaye siku hizi ni mwalimu Mbeya.

"Lisome lote."

Tulia akasoma, kuanzia jalada. Barua za wachawi na mavazi yao. Bei za vitu kwa fedha za huko. Mashindano yaliyokwisha kitambo. Wakafika kwenye picha ya mlango, ile ile aliyoinua Atuganile Jumapili ya mwisho: mkubwa, mweusi, misumari kama vichwa vya mbuzi.

"Hapa wanasemaje?"

"Ni tangazo, baba. Wanauza rangi za kupaka vinyago vya bati."

"Mlango je?"

"Umepakwa hiyo rangi."

Amoni akalichukua gazeti. Akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la akili kabisa: akafunua ukurasa aone upande wa pili. Nyuma ya mlango palikuwa na Mzungu mwenye kipara, anatabasamu.

"Huyu nani?"

"Mhariri. Anaomba radhi gazeti limechelewa kutoka."

Amoni akalitazama tena, mbele, nyuma.

"Safari yote ile," akasema. "Mito, majambazi, Sekela kavunja mitungi yote. Kumbe tunamfuata mwenye kipara aombe radhi."

Tulia akacheka mpaka akalia, au alianza na kulia. Amoni hakuweza kutofautisha.

Jumapili mvua ikanyesha. Hasheem akaja na maandazi, akaketi mahali pake. Tulia akachochea moto. Kigoda cha Atuganile kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekisogelea. Kisha kikohozi nje, na mianzi ikalia kidogo mzee alipoegemea.

"Tata, ingia ndani," Amoni akasema. "Hakuna wa kukwepwa."

"Nyamaza. Nimezoea hapa." Mianzi ikalia tena. "Sekela anauliza. Mtungi uko kichwani tangu Jumapili ile. Shingo inamuuma. Bwana Nyuma, umeshafikiria?"

"Mzee Amoni," Hasheem akasema kwa upole ambao haukuwa wake, "farasi wangu naye amesimama tu."

Amoni akalichukua kokwa. Lilikuwa limekauka na kupasuka katikati. Neno "nakimbia" lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Akalimeza.

"Nafungua," akasema, akarusha.

Kokwa likabingirika, likaingia chini ya kigoda kitupu. Hakuna aliyeinama kutazama limeangukia upande gani.

"Haya," Hasheem akasema. "Kuna nini?"

"Sijui."

"Hukumuuliza? Mlikuwa mnalala nyumba moja!"

"Nilimuuliza. Asubuhi ile ile. Nikaona ananikwepa."

"Alisemaje?" mzee akauliza kutoka nje, na haikuwa sauti ya Sekela. "Sema kama alivyosema. Usipunguze neno, maana wewe kwa kupunguza maneno nakujua."

Amoni akasimama. Maneno yale hayakusemeka akiwa mahali pake. Akaenda akaketi kwenye kigoda cha mkewe, akaweka gazeti mapajani, akageukia ukuta wa mianzi ili baba yake asikie vizuri.

"Alisema hivi: 'Baba Tulia, unadhani mimi najua? Wewe fungua, mwoga we, ndiyo tuone wote. Mimi mwenyewe kila Jumapili nasubiri kuona!'"