Kivuli cha Uani Magogoni

Nilipostaafu, baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto viziwi, nilidhani nitapumzika. Sikupumzika hata mwezi. Jirani yangu hapa Kisauni alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Shirika moja la ng'ambo, lisilo la kibiashara, lilitaka mtu wa pwani ajuaye Kiswahili cha kwetu na Kiingereza, afasiri maneno ya watu walioona vitu angani wasivyovijua. Nilicheka mpaka machozi. Usiku huohuo nikaandika barua ya kuomba kazi, na nikapata.

Nilitarajia wendawazimu. Nilikuta watu wenye utaratibu kuliko shule niliyotoka. Wanachama wao wengi ni wastaafu kama mimi, kila mmoja huchanga alichojaliwa. Ipo kamati inayosoma maombi ya watafiti, ikaamua nani apewe nauli, nani kamera, nani kipimo cha sumaku. Shahidi halipwi, asije akatunga. Na matokeo huchapishwa yote, hata yakimwaibisha mtafiti.

Mtafiti wetu alikuwa bwana wa bara aliyewahi kufanya kazi ya kupima hali ya hewa. Mtu mpole, kola yake imepigwa pasi hata siku za joto kali.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kazi yetu kubwa ni kuondoa. Tukishaondoa kila kitu tunachokijua, tuone kama kuna kinachobaki."

Tukaondoa. Taa zilizowatisha watu wa Chaani zilikuwa za ndege zikishuka kwenda kutua. Duara jekundu la Likoni lilikuwa puto la harusi. Kila jambo tuliandika, tukatuma, na kamati ikatujibu kwa shukrani kana kwamba tumewaletea dhahabu. Mwaka ukapita hivyo, na kwa kweli nilianza kuchoka.

Ndipo tukaletewa habari za mama mmoja wa Magogoni. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, muuza mahamri na mbaazi asubuhi, akiishi peke yake katika nyumba ya wazazi wake. Binti yake wa pekee ameolewa Chaani. Tulimkuta uani akiosha masufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ndio nyinyi wa mbinguni?"

Mtafiti akatabasamu, akatoa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: uliona nini angani? Nikamfasiria.

"Angani sikuona kitu," akasema. "Mimi nimeona kivuli."

Alituonyesha mahali penyewe, baina ya kamba ya nguo na mlango wa jiko. Kivuli cha duara, alisema, kipana kama mkeka wa kulia watu wanne. Huja mchana kweupe, kabla ya adhuhuri. Hutua pale kikakaa kimya, kisha kikaondoka. Ukitazama juu hakuna wingu, hakuna ndege, hakuna mti.

"Wewe wakiogopa?" nikamuuliza. Wa kwetu huulizana hivyo, kwa upole.

"Nikiogope kwani chaniuma?" Akasuuza sufuria lake. "Kuku ndio hawakipendi."

Nikawatazama wale kuku. Walikuwa wanne, wakidonoa makombo ua mzima. Walipofika pale walizunguka, mmoja nyuma ya mwenziwe, kama watu wanaopita kando ya kaburi. Nilijiambia huenda pamemwagika mafuta ya taa. Nilikwenda nikainama nikanusa. Hapakuwa na harufu yoyote.

Mtafiti aliandika kwa kamati, na kamera ikaletwa, tukaifunga juu ya bati ikitazama mbinguni. Wiki tatu. Mama alituambia kivuli kimekuja mara mbili, akatutajia na saa. Tukatazama picha za saa hizo, tukaona buluu tupu.

"Tunatazama siko," nikamwambia mtafiti. "Yeye hakusema juu. Amesema chini."

Jambo dogo, lakini kule ng'ambo lilizua mjadala. Fungu la fedha lilikuwa la kuchunguza anga. Katiba yao inasema anga. Baadhi ya wanakamati waliona kuelekeza kamera kwenye ua wa mtu ni upelelezi. Mwishowe walikubali kwa sharti kwamba mama mwenyewe atie sahihi, na asomewe haki yake: siku akisema basi, kila picha na kila neno lake litafutwa, asiulizwe sababu. Nilimsomea pole pole. Akatia sahihi kwa mkono uliojaa unga, akarudi kwenye donge lake.

Kamera ya pili tukaifunga ukutani, ikitazama uani.

Siku ya tisa mtafiti alikuja kwangu saa kumi alasiri, hakupiga hodi ya kawaida. Aligonga mlango kwa kiganja. Aliweka kompyuta yake juu ya meza ya chakula, akanivutia kiti.

Picha ilikuwa ya saa tano asubuhi. Ua, jua kali, nguo kambani. Upepo ulikuwa mdogo, na vivuli vya nguo vilicheza ardhini. Kisha kile kivuli kikawapo. Sikukiona kikiingia. Sekunde moja hakipo, sekunde ya pili kipo, duara kamili, na kingo zake kali kama zimekatwa kwa mkasi. Mtafiti aliniwekea na picha ya kamera ya juu, ya dakika ileile. Buluu tupu.

"Ngoja," akasema.

Mama akatoka jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni. Hakukitazama kivuli; alitembea moja kwa moja mpaka katikati yake, akasimama, akainua uso juu. Alikaa vile dakika saba. Jua lote lile, hakupepesa macho. Na midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Anaongea na nani?" mtafiti akauliza. "Hii kamera haina sauti. Mwalimu, wewe umefundisha viziwi. Unaweza kusoma?"

Nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Midomo hudanganya, yako maneno mengi yafananayo mdomoni. Lakini lile lilikuwa neno moja tu, linakuja, linanyamaza, linakuja tena, na kila linapokuja shingo yake iliinama kidogo, kwa adabu.

"Anasema abee," nikamwambia.

"Abee ni nini?"

Nilisahau kwamba yeye ni wa bara. "Ni kuitika. Mwanamke wa kwetu akiitwa na mkubwa wake, huitika abee."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli. Nilihesabu mara kumi na moja. Mara kumi na moja ameitwa, mara kumi na moja ameitika. Nami nilifunzwa tangu utotoni, kama kila mtoto wa Mombasa, kwamba sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi.

Asubuhi yake tulimwendea. Nilimweleza, kisha nikamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho, leso yake ameibana mdomoni.

"Siku hiyo sikutoka jikoni," akasema. "Wallahi sikutoka."

Shirika lilimgharimia daktari wa macho, wa kichwa na wa damu. Wote walisema mzima. Barua zikaanza kuja kila siku. Katika miaka yote ya kuchanga, hawakuwahi kupata kitu kama kile. Kamati ilikuwa tayari kutuma watu watatu na vyombo ambavyo sikujua hata majina yake. Mtafiti hakuwa akilala usingizi. Niliyaona macho yake. Alikuwa na haki ya kutolala, maana baada ya kuondoa yote, kitu kilikuwa kimebaki.

Nikaenda Magogoni kumwambia mama kwamba wageni wanakuja. Alinisikiliza akikunja nguo.

"Nifutieni," akasema.

"Mama?"

"Ulinisomea wewe mwenyewe. Nikisema basi, ni basi. Sasa nasema basi."

Ningeweza kumbembeleza. Alinipenda, huenda angenisikia. Lakini haki ile nilimsomea mimi mwenyewe, nikasema, "Inshallah, mama. Tutafuta."

Mtafiti alipopata habari alikaa kitako kwenye ngazi yangu kwa muda mrefu. Hakubishana. Jumamosi alifuta kila kitu mbele ya mama, faili baada ya faili, akampa karatasi ya kuthibitisha. Mwenyekiti wa shirika aliandika barua fupi kusema nakala zao pia zimefutwa, na kwamba wasipolitimiza neno lao kwa shahidi mmoja, hakuna shahidi atakayewaamini tena. Nilisikia baadaye kwamba wanachama kadhaa walikasirika wakaacha kuchanga. Mtafiti alirudi bara. Hatukuagana vizuri.

Mama naye alifunga nyumba, akahamia kwa binti yake.

Ilipita miezi kabla sijakwenda kumwamkia. Nilimkuta kibarazani Chaani, amenenepa kidogo, ameanza tena kuuza mahamri. Ndege zilipita chini sana juu ya paa, nasi tulinyamaza kila moja ilipopita. Binti yake alipoingia ndani kutuletea chai, mama akanisogelea.

"Nilikudanganya," akasema. "Nilikuwa najua kama nimetoka. Nakumbuka yote."

Nikainamisha kichwa nimsikie vizuri.

"Si mimi niliyekuwa nikiitwa, mwanangu. Ile sauti ilikuwa ikimwita mamangu, kwa jina lake. Tangu kivuli kilipoanza kuja. Mamangu alifia mle ndani, chumba cha uani, na yenyewe haijui kama amekufa. Yamwita kwa upole, kama mtu aliyeahidiwa kitu. Siku ile niliisikia imesogea. Imefika mlangoni mwa jiko. Nikaona, ikimkosa hapa itaingia ndani kumtafuta. Nikatoka nikamwitikia."

"Ikakudhani ni yeye?"

"Kwanza." Akatazama mikono yake. "Kisha ikajua."

"Ikafanya nini, mama?"

Ndege nyingine ikapita, kubwa, mpaka vikombe vikalia kwenye sinia aliyokuwa akiileta binti yake. Ilipokwisha kupita mama alikuwa ameshamgeukia bintiye, anamuuliza kama ametia tangawizi. Sikuuliza tena. Nilikunywa chai yangu, nikala mahamri mawili, nikaaga kabla ya magharibi.

Nikiwa njiani nilifikiri niwaandikie wale watu wa kamati, wastaafu wale wanaongoja miaka na miaka kuletewa neno moja la kweli. Nilifika nyumbani, nikawasha kompyuta, nikaandika jina la mwenyekiti na salamu. Nikakaa nikitazama ukurasa ule mpaka adhana ya isha. Kisha nikakumbuka mama alivyosema basi, nikaizima kompyuta, nikaenda kutia udhu.