Bomba la Maji Makavu

Nilisikia majembe kabla sijamwona mtu hata mmoja. Kulikuwa kumekwisha kucha, nimekaa kitandani napapasa malengelenge ya viganja vyangu, na nje chuma kikawa kinagonga ule udongo mgumu wa Misima, si jembe moja, si matano, mengi, kama mvua ya mawe inayonyesha kutoka ardhini kwenda juu. Nikafungua mlango. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya mtaro wangu. Na hapo, jamani, nilitakiwa kusema maneno mawili tu, "Si maji," nikaokoka. Sikuyasema, na aibu niliyoivuna siku tatu baadaye naisimulia leo nimejifunika uso kwa mkono mmoja.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mwalimu mgeni wa Kiswahili, Msambaa wa milimani niliyeshushwa kwenye joto la Handeni pamoja na mama yangu. Sisi tulizaliwa ndani ya ukungu. Mama alizoea kuamka na kuona pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi, sasa alikuwa analala chini ya bati linaloalika kwa jua, kifua kimembana, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mwanangu," aliniambia, "mwisho wa mwezi narudi kwetu. Sina hasira na wewe. Lakini hapa nitakufa."

Kwetu kulikuwa kumebaki nyumba tupu na kaburi la baba. Nani angemchotea maji, nani angemwashia moto? Basi niliposoma kwenye jarida kuukuu kwamba ardhi, ukiichimba kuzidi kimo cha mtu, ina ubaridi usiobadilika mwaka mzima, na kwamba kuna watu wanalaza mabomba humo na kuuleta ubaridi huo ndani ya nyumba kwa mikono yao wenyewe, niliapa kumletea mama milima yake chini ya sakafu.

Rafiki yangu Salimu, fundi wa Manundu kule Korogwe, alinipatia mabomba ya chuma yaliyotupwa na shamba moja la mkonge, mapana kama paja la mtu mnene, yakaja juu ya trekta na kelele zake zote. Mpango ulikuwa hivi: mdomo mmoja ukae korongoni kwenye kivuli cha mkuyu, bomba lipite chini kwa chini, mdomo wa pili uchomoze kwenye sakafu ya chumba cha mama, juu ya paa nikasimamisha dohani la bati nililolipaka lami, ili likichomwa na jua, hewa ya moto ya chumbani ipande itoke, na ile baridi ya ardhini ivutwe iingie. Rahisi kabisa (kwenye jarida). Baada ya wiki nzima ya kuchimba peke yangu, mtaro ulikuwa unanifika magotini.

Ndipo akapita Mzee Mhando, mwenyekiti wa kijiji, na baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Unamzika nani?"

"Nalaza bomba, mzee."

Akashuka kwenye baiskeli. "Bomba?"

"Bomba."

"Na litatoa?"

"Litatoa, tena baridi kama ya Lushoto!"

Sasa sikilizeni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, asubuhi ileile nilikuwa nimewafundisha darasa la sita upatanisho wa kisarufi mpaka wakasinzia. Niliposema "ya Lushoto" nilikuwa na maana ya baridi ya Lushoto. Mzee Mhando alisikia maji ya Lushoto. Mtu yeyote wa Handeni angesikia maji, maana pale wanawake wanakwenda lamboni na kurudi jua likiwa utosini, na mtu akitamka bomba hana haja ya kumalizia, neno maji limo humohumo. Halafu mdomo mmoja uko wapi? Chini ya mkuyu, na kila mtu anajua mkuyu haukai mahali pakavu. Halafu upana wa bomba lenyewe!

Kwa hiyo Jumamosi ile, niliposimama mlangoni nimeduwaa, Mzee Mhando alinipungia mkono kutoka shimoni. "Msaragambo, mwalimu, kazi ya kijiji kizima! Maji hayachimbwi na mtu mmoja!"

Nikafungua mdomo. Nikautazama mtaro, ulikuwa umekwisha kunifika kifuani, umenyooka kama uzi. Nikaufunga mdomo. Nitawaambia wakipumzika, nilijiambia, na walipopumzika akaja Bibi Mwanahawa, mjane wa nyumba ya pili, akanipa bakuli la uji.

"Kunywa, mjukuu wangu. Nimemalizia maji yangu yote ya mtungini kwa uji huu. Kesho kutwa si nachota kwako?"

Niliunywa ule uji. Sijawahi kunywa kitu kizito kama kile. Walichimba kutwa, wanaume kwa wanawake, na kesho yake tena, na wanawake wakatunga wimbo wenye jina langu na maji katika mstari mmoja, wakauimba mpaka mabomba yakafukiwa; na jioni ya Jumapili, nilipokuwa nimejikaza sasa niseme, nikaambiwa Mzee Mhando ameshakwenda wilayani kwa baiskeli kumwalika mgeni rasmi.

"Umewaambia?" mama aliniuliza.

"Nitawaambia."

"Hm," akasema mama, na akaendelea kujipepea.

Jumanne mgeni akafika, Ndugu Katibu wa wilaya, suti ya Kaunda imemganda mgongoni kwa jasho, hotuba mkononi. Mdomo wa bomba, kumbukeni, uko chumbani kwa mama. Basi watu wote walioweza kuingia wakaingia, mstari wa wanawake wenye ndoo, madebe na mitungi ulianzia miguuni pa kitanda cha mama ukatoka mlangoni ukapinda mpaka shuleni, na mama mwenyewe ameketi kitandani kama bibi harusi asiyejua bwana harusi ni nani. Bomba nilikuwa nimeliziba kwa gunia. Ndugu Katibu akasoma maneno machache kuhusu kujitegemea, akainama, akavuta gunia.

Kwanza bomba likaguna. Halafu likapumua, fuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, na vumbi likamjaa Ndugu Katibu usoni. Halafu akatoka chura.

Vigelegele! Chura maana yake maji yako njiani, na Bibi Mwanahawa akasogeza debe lake likawa la kwanza, na tukasubiri. Chura akarukaruka akaingia chini ya kitanda. Tukasubiri. Upepo mwembamba ukaichukua ile hotuba kutoka mkononi mwa mgeni, karatasi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu," akasema Ndugu Katibu, "maji yako wapi?"

"Ndugu Katibu, ni... ni baridi."

"Baridi ya nini?"

"Ya hewa." Sauti yangu ilitoka kama ya yule chura. Nikawaambia yote, kwamba bomba halikuwa la maji tangu mwanzo, kwamba nilijua tangu Jumamosi, kwamba nilinyamaza kwa sababu mtaro ulikuwa unazama vizuri na mama yangu alikuwa anaondoka.

Mzee Mhando alivua kofia yake akaitazama ndani, kama maji yamo humo. Mlangoni mtu akacheka, mwingine akamwambia nyamaza. Ndugu Katibu akatoa daftari. "Umetumia nguvu za wananchi kwa nyumba yako binafsi. Unajua jina la kitendo hicho? Ni unyonyaji. Jumatatu hutakuwa hapa."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshaanza kukunja shuka lake.

Bibi Mwanahawa aliweka debe chini. Akakaa sakafuni mbele ya bomba, akanyoosha miguu, akalegeza kanga shingoni, akafumba macho. Chumba kizima kikamtazama.

"Aaah," akasema. "Haya ni maji makavu."

Hapo kicheko kikapasuka, kikapita mlangoni kikaufuata mstari wa ndoo mpaka shuleni.

"Bibi, umedanganywa," akasema Ndugu Katibu.

"Nimedanganywa, ndiyo, na nitamlipiza mwenyewe, niachie mimi. Lakini aliyechimba ni nani? Mimi nimechimba. Basi jasho langu nimempa huyu mama, msimfukuze na jasho langu." Akanigeukia. "Na wewe, Maji Makavu! Jua likiwa kali chumba hiki ni cha kijiji, wazazi wenye vichanga watakaa humu. Na kila asubuhi kabla ya shule utaniletea madebe mawili kutoka lamboni. Kichwani. Si kwa baiskeli."

"Nimekubali, bibi."

"Mwenyekiti?"

Mzee Mhando akavaa kofia. "Madebe manne," akasema. "Mawili ya kwangu."

Ndugu Katibu alishika kalamu muda mrefu. Nadhani ule upepo ulikuwa umemfika mgongoni, maana alirudisha daftari mfukoni, akaomba kiti, na akakaa pale pale mpaka jua likapungua.

Basi nilichota. Majira yote ya joto nilipita mbele ya wanafunzi wangu na debe kichwani, maji yananitiririka masikioni, nao wananiamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu Maji Makavu," na niliapa, naapa hata leo, sitaacha mtu aendelee kuamini neno langu hata dakika moja kama najua amelisikia vibaya. Ile njia ya lamboni ni ndefu. Hakuna niliyemshukuru kama yule aliyeniwekea adhabu hiyo, kwa sababu mwisho wa mwezi ulifika ukapita na shuka la mama lilikuwa bado kitandani.

Alasiri moja niliwakuta wote wawili wamelala usingizi mbele ya bomba, mama na Bibi Mwanahawa, mfuniko wa sufuria umerudi kwenye sufuria. Bibi akaamka, akajifunga kanga, akamwambia mama asisumbuke kumsindikiza.

"Naufunga mlango, dada," akasema, "yasitoke."

Ilitakiwa kuwa "isitoke". Sikumsahihisha. Akauvuta mlango nyuma yake, ukafunga.